Mama mkwe anataka niondoke watoto wakiwa wamelala

Shikamoo Somo,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, naishi Tanga na mume wangu na watoto wetu wawili. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Mdogo ni binti, ametimiza miaka 2 juzijuzi na usiku bado ananyonya. Mume wangu anafanya kazi bandarini.

Nimepata ufadhili wa kusoma masters ya afya ya jamii huko Leeds, Uingereza, kwa mwaka mmoja. Ufadhili ni wa chuo chenyewe. Nimeuhangaikia kwa muda mrefu, na mwajiri ameshanipa ruhusa ya masomo. Viza imetoka, cheti cha kipimo cha kifua kikuu ninacho, tiketi imekatwa. Mwezi wa tisa naondoka Dar kwenda Doha, nasubiri hapo saa kadhaa, halafu Doha hadi Manchester. Kwenda na familia haiwezekani. Tangu Januari 2024 Waingereza wamewazuia wanafunzi wa masters ya darasani kuchukua wenza na watoto, isipokuwa wachache, na mimi simo kati yao.

Somo, sijawahi kupanda ndege. Hata Zanzibar nakwenda kwa boti. Nikilala naota nimepotea Doha, au ndege imeniacha nikiwa chooni, au sanduku langu limekwenda nchi nyingine. Naogopa ndege ikitikisika. Kazini nimeona watu walioganda damu miguuni, kwa hiyo hata kukaa kitini saa zote hizo naogopa. Zaidi naogopa kuwa huko juu usiku peke yangu, hakuna ninayemjua, na hakuna pa kushuka nikibadili mawazo.

Jambo la pili ni watoto. Mama mkwe atahamia kwetu kutoka Pangani, Mungu amlipe. Lakini anataka nisiwaage. Mkubwa nimwambie nakwenda kazini kama siku zote, mdogo nimwache akiwa amelala. Anasema mtoto akiyaona machozi ya mama yake ataumwa. Marehemu baba mkwe alikuwa akienda Muscat kutafuta, na kila safari alitoka alfajiri kimya kimya, watoto wakaja kuambiwa baadaye. Mawifi wanamuunga mkono. Na mwenzangu mmoja wodini kaniambia usoni kwamba mama mwenye akili hamwachi mtoto wa miaka miwili kwa ajili ya cheti.

Mume wangu anasema niende tu.

Niahirishe mwaka mmoja? Niwaage au nisiwaage? Na huko angani nitavumilia vipi?

Mama wa Wawili, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako nikaona ndege imepata aya nzima. Mama mkwe kapata aya yake, mawifi wamo, hata huyo mwenzako wa wodini kapewa nafasi. Mume wako kapata mstari mmoja mfupi. Wewe hukuniuliza habari zake, lakini mimi naanzia kwake.

Mwanamume akisema "nenda tu" inawezekana amekubali kwa moyo wake wote. Inawezekana pia ameona tiketi imeshakatwa, mama yake ameshafunga mizigo Pangani, akaona bora anyamaze. Mimi sijui ni ipi kati ya hizo, na naona hata wewe hujui. Basi tafuta jioni moja mama mkwe akiwa bado hajafika, watoto wamelala, mkae. Usimuulize "unanikubalia kweli?" kwa sababu atajibu ndiyo na mtakuwa mmerudi pale pale. Muulize mambo ya nyumbani. Mtoto akipata homa saa 8 usiku na yeye yuko zamu bandarini, nani anampeleka hospitali? Kadi ya kliniki, kadi za bima na vyeti vya kuzaliwa viko droo gani, anajua? Yeye na mama yake wakipishana kuhusu mtoto, neno la nani linasimama? Posho yako ikichelewa, au mshahara wake ukikatika katikati, mnafanyaje? Halafu muulize kitakachomuuma yeye. Yapo. Wenzake barazani watamtania, wengine watamtania kwa ubaya, na nyumba itakuwa kimya akirudi. Mwache aseme, na akiwa na donge alitoe sasa, wewe ukiwa bado uko mbele yake. Donge la aina hiyo likisubiri mpaka Januari litatokea kwenye simu, mtandao unakatikakatika, na hapo mtaumizana.

Ukimaliza mazungumzo hayo ukaona amekubali kweli, usiahirishe. Ufadhili wa chuo haukusubiri kama nauli ya daladala, na mwakani mdogo atakuwa na miaka 3, ndiyo kwanza anajua kukulilia kwa maneno. Ukiona hakukubali, niandikie tena kabla hujapanda basi.

Sasa kuaga. Mama mkwe namheshimu, na nia yake ni njema kabisa, lakini kwa hili sikubaliani naye. Mtoto wa miaka 6 aliyeambiwa mama yuko kazini atasubiri saa ya kutoka kazini. Jioni ya kwanza atasimama mlangoni. Jioni ya pili atauliza bibi, na bibi itabidi aongeze uongo mwingine juu ya ule wa kwanza. Siku atakayoujua ukweli, na ataujua kwa mtoto wa jirani, hatakukasirikia wewe peke yako, atamwona na bibi yake kuwa mwongo, na huyo ndiye atakayebaki naye mwaka mzima. Tena baba yake naye ataaga kwenda kazini kila siku. Unataka mtoto ashike shati la baba yake kila asubuhi akidhani na yeye anakwenda kwa mtindo ule ule?

Habari za marehemu baba mkwe nazielewa. Pwani yetu hii wanaume wengi walikwenda Muscat na Dubai, na wengi waliondoka hivyo hivyo alfajiri. Lakini hao watoto walioamka wakakuta baba hayupo ndio leo mawifi zako na mume wako. Muulize mume wako anakumbuka nini kuhusu asubuhi zile. Jibu lake, liwe lolote, litakusaidia kuliko langu. Na kama linafanana na ninavyodhani, yeye ndiye wa kuzungumza na mama yake, si wewe. Mkwe akipinga ushauri wa mkwe inakuwa kesi, mtoto akimwambia mama yake "mama, mimi niliumia" hakuna kesi.

Mkubwa mwambie wiki moja au mbili kabla, si miezi miwili, maana kwa mtoto miezi miwili ni kitu kisicho na mwisho na ataamka kila siku akiuliza kama ni leo. Mwambieni nyote wawili mmekaa pamoja. Mweleze unakwenda kusoma, ni mbali, kwa ndege, baba na bibi wanabaki naye, na utarudi. Mwaka hataujua kwa hesabu ya siku. Mpe alama anazozijua: likizo ya Desemba, kisha anaingia darasa la pili, kisha Ramadhani, Idi mbili, likizo ya Juni, na baada ya hapo mama anarudi. Usimpunguzie. Ukimwambia "karibuni tu" atakudai. Akilia, mwache alie na wewe usimkimbie, na ukilia wewe pia hakuna mtoto aliyeugua kwa kuona machozi ya mama yake. Wewe ni nesi, unalijua hilo.

Mdogo hataelewa maneno, lakini mwambie hivyo hivyo siku yenyewe, akiwa macho, kwa sentensi mbili: mama anasafiri, utakaa na bibi. Mkumbatie, mkabidhi mikononi mwa bibi yake, ondoka. Usirudi mlangoni mara tatu. Kuaga kukirefuka ndiko kunakomtesha mtoto, si kuaga kwenyewe.

Kwa huyu mdogo kazi kubwa iko kabla ya siku ya safari, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu barua yako imelipita haraka. Ananyonya usiku. Usimwachishe ziwa siku ile ile unayoondoka, atakuwa amenyang'anywa vitu viwili kwa mpigo na wewe utakaa kwenye ndege matiti yamejaa yanauma, huna mtoto wala pampu. Anza sasa, punguza taratibu, unyonyeshaji mmoja baada ya mwingine, umalizike walau wiki kadhaa kabla. Kurani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na wewe umeitimiza, kwa hiyo hakuna wa kukunyooshea kidole. Na mwombe mama mkwe aje mapema. Wiki mbili za mwisho bibi ndiye amwogeshe, amlishe, ampeleke kulala, wewe ukiwa ndani ya nyumba hiyo hiyo. Utaumia kusikia anamwita bibi usiku badala yako. Ndicho unachokitafuta. Acha na kanga yako moja uliyoivaa, isifuliwe, alalie. Wazee wetu walifanya hivyo tangu zamani na sijasikia daktari aliyeikataza.

Simu ipangieni saa na muishike. Mkichagua saa 2 usiku ya Tanga, kabla hawajalala, mwezi wa tisa huko kwako itakuwa saa 12 jioni. Lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wanarudisha saa nyuma, na kuanzia hapo saa 2 ya nyumbani itakukuta saa 11 jioni, pengine bado uko darasani au njiani. Mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi ndipo wanairudisha mbele. Ratiba ya chuo ukiipata, liangalie hilo kwanza. Na nikwambie kabisa: kuna siku binti atakataa simu. Atakutazama kwenye kioo, atakimbia, atakwenda kucheza na sufuria. Hajakusahau. Usimlazimishe, usimwambie bibi amshike kichwa kikae mbele ya kamera. Waache wakupeleke jikoni na simu yao, uone wanavyokula.

Haya, ndege. Wewe umeiweka mwanzo kwa sababu ni rahisi kuogopa kitu chenye mabawa kuliko kuogopa mlango wa nyumbani kwako. Lakini hofu yako si ya kuchekwa, kwa hiyo twende nayo.

Toka Tanga siku moja kabla. Basi likiharibika Segera au mkikwama Chalinze, ndege haina habari. Lala Dar kwa ndugu, uwe Terminal 3 pale uwanja wa Julius Nyerere saa 3 kabla ya kuruka. Wanaokusindikiza hawavuki ukaguzi na wewe, na watoto mimi ningewaaga nyumbani Tanga, waliko na vitu vyao na kitanda chao, mume peke yake akaja Dar. Pale unapokabidhi sanduku, mwambie mhudumu unakwenda Manchester, akupe karatasi mbili za kupandia, ya Doha na ya Manchester. Kisha tazama kile kikaratasi kirefu wanachokifunga kwenye mpini wa sanduku. Kina herufi tatu kubwa. Ziwe MAN. Ukiona DOH, simama hapo hapo uulize, kwa sababu maana yake sanduku linaishia Doha. Ukishaona MAN, ndoto yako ya sanduku imekwisha, kalale.

Begi la mkononi ndilo lenye maisha yako: pasipoti, barua ya chuo, cheti cha kifua kikuu, anwani ya unapofikia, dawa, nguo ya kubadili, sweta, na chaja ya kubebea umeme, ambayo hairuhusiwi kwenye sanduku la chini. Maji, mafuta na losheni visizidi mililita 100 kila chupa. Na najua mama mkwe atakuletea samli. Mshukuru, iache nyumbani. Uingereza haimruhusu abiria kuingia na nyama wala maziwa na vitu vyake kutoka huku kwetu, na samli ni maziwa. Bizari na visheti beba.

Dar hadi Doha ni kama saa 6. Ndege ikipaa masikio yataziba, meza mate, tafuna kitu, yatafunguka. Ikitikisika, na itatikisika, funga mkanda hata kama taa ya mkanda imezimwa, watazame wahudumu. Wakiendelea kumimina chai, na wewe kunywa chai. Hewa ya ndani ni kavu, unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20, na mgandamizo wake ni kama wa mtu aliye kwenye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, yaani Njombe hivi. Ndiyo maana midomo hukauka na kichwa huwa kizito. Kunywa maji mengi kuliko unavyohisi kiu.

Kuhusu damu kuganda, hofu yako ina msingi lakini umeikuza. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo mwaka 2007: kusafiri umekaa kwa saa 4 na zaidi huongeza hatari hiyo takriban mara mbili, lakini hata ikiongezeka hivyo inabaki kwa mtu 1 hivi kati ya 6,000. Chagua kiti cha upande wa njia, simama kila baada ya muda, zungusha vifundo, kaza na kulegeza misuli ya miguu. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, zungumza na daktari kabla, kwa sababu navyo vinaongeza. Usivae nguo ya kubana kiuno.

Doha usiogope. Saa yake ni ile ile ya Tanga, huna haja ya kugeuza kitu. Ukishuka fuata mabango yaliyoandikwa Transfers, si yale ya kutokea nje. Utapita ukaguzi tena, kisha utatokea kwenye ukumbi mkubwa wenye maduka. Katikati yake kuna dubu mkubwa wa njano, sanamu ya msanii wa Uswisi, urefu kama mita 7, ana taa imechomoza nyuma ya kichwa. Huyo humkosi. Mwambie mkubwa wako tangu Tanga kwamba mama atapita kwa dubu wa njano na atatuma picha. Kwanza lakini, kabla ya dubu na kabla ya choo, tafuta kwenye skrini namba ya mlango wa ndege yako ya Manchester, nenda mpaka uuone kwa macho. Halafu rudi utembee, usali, ule, upige simu kwa intaneti ya bure ya uwanja. Skrini iangalie tena kila baada ya muda, milango hubadilika. Weka kengele ya simu saa moja na nusu kabla ya kuruka.

Awamu ya pili ni kama saa 7, na hiyo utalala, mwili utakuwa umechoka. Pengine utalia pia. Lia. Kwenye ndege hizo kila safu ina mtu aliyeacha mtu, na mhudumu atakuletea tishu bila kukuuliza jina. Hilo la kutaka kushuka ukibadili mawazo, nakubali, pale juu hakuna kituo. Lakini likizo zipo, tiketi ya kurudi ipo, na mume wako ana namba yako.

Manchester stesheni ya treni iko uwanjani hapo hapo, hutahitaji teksi ya kukufikisha Leeds.

Huyo mwenzako wa wodini usimjibu. Kama ukishindwa kunyamaza, muulize hivi: baba mkwe wako alipokuwa Muscat, watoto walilelewa na nani, na kama yupo mtu aliyemuuliza akili zake ziko wapi. Mwanamume akivuka bahari huitwa mtafutaji. Mwanamke akivuka, mtaa mzima unageuka kuwa ustawi wa jamii.

Ukifika, mpigie mume wako kwanza, kisha mama mkwe, umwambie samli yake umeikumbuka. Kundi la ukoo la WhatsApp wapelekee picha kesho yake, ukishalala.

Somo